QGIS na LibreCAD kwa mchoro wa miti: nilichobaki nacho baada ya kiwanja cha shule Morogoro

Kiwanja kilikuwa mita 60 kwa 90, kina miti 74, na msanifu majengo alitaka kujua madarasa mapya yakae wapi bila kugusa mikangazi mitatu mikubwa iliyo upande wa mlimani. "Dada, niletee kwenye AutoCAD," akaniambia. Sina leseni yake. AutoCAD, programu ya kuchorea majengo, hulipiwa kwa kipindi, ukiacha kulipa haifunguki, na mimi kazi za namna hii hupata nne au tano kwa mwaka. Zile za wizi zinazozunguka kwenye flashi sizigusi: mchoro ninaoutia sahihi lazima utoke kwenye programu halali.

Nikapakua mbili za bure: LibreCAD ya kuchora, na QGIS ya kutengeneza ramani.

LibreCAD ni ndogo, haili bando, na kwenye laptop yangu ya RAM GB 4 inafunguka mara moja. Ni ya mistari na vipimo, basi. Lakini kuna kazi moja inayoifanya vizuri mno. GPS ya simu chini ya matawi mazito hukosea mita kadhaa, kwa hiyo shina nalipima kwa futi kamba kutoka kona mbili za jengo. Kwenye LibreCAD unachora duara la mita 14.30 kutoka kona hii na la mita 9.85 kutoka kona ile. Yanapokatana ndipo mti ulipo. Yanakatana mara mbili, kwa hiyo daftari lako lionyeshe mti uko upande gani wa ukuta.

Shida ni kwamba ndani ya LibreCAD mti namba 41 ni duara tu. Haijui kuwa ni mkangazi, wala mzingo wake, wala kwamba una tawi lililooza juu ya choo cha wavulana. Ukipima upya, unafuta na kuchora upya.

QGIS ndiyo niliyoipenda kwa moyo wote, ingawa kisakinishi chake kinazidi GB 1 na siku za kwanza nilihangaika nayo. Kila mti ni nukta yenye mstari wake kwenye jedwali: namba, jina, mzingo, hali, maelezo. Kwa eneo la kulinda mizizi nafuata kiwango cha Uingereza, BS 5837 cha 2012: nusu kipenyo cha duara ni mara 12 ya kipenyo cha shina, likipimwa mita 1.5 kutoka ardhini. Mkangazi namba 41 una mzingo wa sm 251, yaani kipenyo cha sm 80, hivyo duara lake linafika mita 9.6 kila upande. Fomula unaiandika mara moja kwa miti yote 74. Ukisahihisha mzingo, duara linalooneshwa linajirekebisha, kwa kuwa ni alama tu. Ila kabla ya kutoa DXF (faili la mchoro ambalo AutoCAD hulifungua), tengeneza maduara halisi kwa zana ya bafa, inayochora mpaka wa umbali fulani kuzunguka nukta, msanifu apate mistari anayoweza kuipima.

Kitu kimoja kilinipotezea jioni nzima. Ramani ya bikoni (alama za mipaka ya kiwanja) niliyopewa ilikuwa ya Arc 1960, simu yangu inasoma WGS 84, yaani mifumo miwili tofauti ya kutaja mahali, na miti yote ikaangukia karibu mita 300 nje ya kiwanja. Kwa Morogoro, leya (tabaka la ramani) ya bikoni ipe namba ya mfumo (EPSG) 21037, na ya simu 32737 kama vipimo vyake ni vya mita, au 4326 kama ni vya digrii. QGIS itazilinganisha yenyewe. Fanya hivyo kabla hujachora chochote.

Kuhusu faili: mwombe msanifu DXF mapema. LibreCAD haihifadhi DWG, faili la AutoCAD lenyewe, na QGIS nimeona inagoma kwenye baadhi ya DWG. Uwanjani natumia QField kwenye simu, nayo ni ya bure na inafungua mradi uleule wa QGIS. Majina ya miti niliyaweka kama orodha ya kuchagua, kwa sababu kijana anayenisaidia aliandika "mkangazi" kwa namna tatu.

Kama kompyuta yako ni dhaifu na miti haizidi 15, LibreCAD peke yake inatosha. Zaidi ya hapo, vumilia QGIS. Nilichapisha kwa skeli ya 1:250 kwenye A3, kiwanja kizima kikaenea, na msanifu akapokea DXF. Duara la namba 41 lilikuwa limeingia kwenye kona ya darasa la mwisho. Akausogeza msingi mita 4 kuelekea getini.