Uzoefu wangu na kozi ya video ya kutafuta oda ya mmenyuko

Nilijiunga na kozi hii kwa ajili ya mada moja tu: kutafuta oda ya mmenyuko, yaani kipeo kinachoonyesha kasi inavyobadilika mkolezo wa dutu ukibadilika, kutoka kwenye jedwali la kasi za mwanzo. Naipa nyota nne kati ya tano.

Nilichokipenda ni kwamba mwalimu haanzi na fomula. Anaweka jedwali la majaribio matatu ya NO (nitrojeni monoksidi) na H₂ (hidrojeni), kisha video inasimama mpaka ujibu. Katika jaribio la kwanza na la pili, mkolezo wa H₂ ni uleule, wa NO umepanda kutoka 0.10 hadi 0.20, na kasi imeruka mara nne: oda ya NO ni 2. Linganisha la kwanza na la tatu: NO imetulia, H₂ imeongezwa mara mbili, kasi nayo mara mbili. Oda ya H₂ ni 1. Hapo ndipo penye mtego, maana mlinganyo wenyewe ni 2NO + 2H₂ → N₂ + 2H₂O, na jicho hukimbilia ile 2 iliyo mbele ya H₂. Ukijibu 2, programu haikuambii tu kwamba umekosa. Inakurudisha kwenye jedwali na kukuuliza: kama ni hivyo, kasi ya jaribio la tatu ingekuwa ngapi? Kwa kipengele hiki peke yake ningeilipia tena.

Mfano wa iodini na propanoni nao ni mtamu. Rangi ya iodini ndiyo unayoifuatilia inavyofifia, lakini oda yake ni 0, haimo kabisa kwenye mlinganyo wa kasi, ule unaoonyesha kasi inategemea mkolezo wa dutu zipi. Asidi, ambayo ni kichocheo tu, imo!

Vizio vya k, kile kidumu cha mlinganyo wa kasi, vimeelezwa vizuri, sina neno.

Nyota moja nimeikata kwa sababu namba zao ni safi mno. Mara mbili, mara nne, mara nane. Data za maabara hazina adabu hiyo: mkolezo unapanda mara 1.5, kasi mara 2.2, na huwezi kukisia kwa macho. Inabidi ugawe log 2.2 kwa log 1.5, upate kama 1.94, ndipo useme oda ni 2. Kozi inaligusa hili juujuu mwishoni.

Upande wa grafu umenikera zaidi. Ni kweli, ln (logi asilia) ya mkolezo dhidi ya muda ikinyooka ni oda ya 1, na 1 gawanya kwa mkolezo ikinyooka ni oda ya 2. Ila data waliyotoa inakatika mapema, dutu ikiwa bado imebaki nyingi, na kwenye kipande kifupi hivyo grafu zote mbili zinaonekana kama zimenyooka. Sasa mwanafunzi achague ipi?

Anayejiandaa kwa mtihani wa nadharia, ajiunge bila wasiwasi. Anayekwenda maabara atafute data nyingine ya kuchorea grafu, inayofika angalau nusu-uhai (muda wa dutu kupungua kwa nusu) mbili au tatu. Na avae visikilizi, sauti ya video iko chini.