Siku mbili Mji Mkongwe, kila chakula na saa yake

Katika miaka tisa ya ndoa yetu, mimi na mume wangu tumevuka kwenda Unguja mara nne, na mara zote nne tulikwenda kwa shughuli: harusi mbili, msiba mmoja, na semina ya kazini ambayo sikuona chochote zaidi ya ukumbi wake. Julai hii tuliwaacha watoto kwa bibi yao Tabata, tukakata tiketi za boti ya Ijumaa jioni kwa nia moja tu, ya kutembea na kula ndani ya Mji Mkongwe hadi Jumapili. Jamaa waliosikia habari hiyo walishangaa kwamba hatuendi Nungwi wala Paje, maana kwa watu wengi wa Dar es Salaam mapumziko ya Zanzibar ni ufukwe, na mji ni mahali pa kupita tu ukitoka bandarini. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wanandoa wanaofikiria kufanya kama sisi, na naanza na hukumu yangu: mji unatosha kabisa kwa siku mbili, lakini humkirimu yule anayekubali kula kwa saa za wenyeji, na humtoza mara mbili yule anayekula kwa saa za watalii. Sisi tuliyaonja yote mawili.

Boti ya mwendo kasi huchukua takriban saa mbili. Julai ni msimu wa kusi na bahari haitulii, kwa hiyo kaeni sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma, na msile sana kabla ya safari. Baba watoto, aliyekula chipsi mayai karibu na bandari huku nikimwonya, alijuta hata kabla hatujakipita kisiwa cha Mbudya. Mtu wa bara hahitaji pasipoti, ila abebe kitambulisho. Ukitoka kwenye geti la bandari ya Malindi utapokelewa na vijana ambao wenyeji wenyewe huwaita mapapasi, jina la mdudu wa jamii ya kupe anayeng'ang'ania ngozi, nao watakubebea mzigo, watakutafutia hoteli na kukuonyesha njia ambayo hukuiuliza. Tuliwashukuru kwa Kiswahili, na nusu yao wakatuacha papo hapo.

Kuhusu malazi nitasema machache, na nyumba yenyewe siitaji. Katika picha tulizoziona kabla ya kulipa palikuwa na dirisha linaloitazama bahari, lakini dirisha tulilopewa lilitazama matangi mawili ya maji ya jirani, na tulipouliza tukaambiwa kwamba bahari ipo, ni suala la kupanda darini. Kitanda cha samadari kilikuwa kizuri kweli, chandarua kilikuwa safi, na ngazi zilikuwa za kusimama wima kiasi kwamba mwenye magoti mabaya asijaribu. Kilichonikera zaidi ya dirisha ni kifungua kinywa cha Jumamosi, ambacho tulikuwa tumeshakilipia ndani ya bei ya chumba: slesi za mkate wa duka, jemu ya kopo, tikiti maji na yai. Tulikuwa tumekaa darini, saa moja na nusu asubuhi, na kutoka kwenye uchochoro chini yetu ilikuwa inapanda harufu ya mkate unaotoka tanurini. Tulitazamana, tukaacha mayai mezani, tukashuka.

Mkate wa ajemi ni mkate bapa wa mviringo, unaoumuliwa kwa hamira na kubandikwa kwenye ukuta wa tanuri, na uzuri wake wote umo katika dakika ishirini za kwanza. Ukiwa wa moto, ukingo wake hukatika kwa sauti na katikati huvutika. Ukipoa, unakuwa mkate wa kawaida tu ambao hautakumbukwa na mtu. Ndiyo maana wenyeji hutuma watoto kuupanga foleni mapema, nao hurudi wameubeba ndani ya karatasi ya gazeti, mmoja umeshamegwa njiani. Tulinunua miwili, tukakaa kwenye baraza ya mawe ya nyumba iliyofungwa, na mama mmoja aliyekuwa na sufuria ya maharage ya nazi mlangoni pake akatupakulia bakuli moja la kula pamoja, kwa sababu, alisema, "nyie wanangu ni wageni lakini mna njaa ya kienyeji." Pamoja na chai ya maziwa yenye tangawizi, mlo huo wa watu wawili haukufika shilingi 5,000, na ndio uliokuwa bora katika safari nzima. Jumapili tuliurudia bila kuuaga tena ule wa darini.

Asubuhi ndiyo saa ya kutembea, kabla jua halijaingia vichochoroni. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na anayeutazama kwa haraka huona kuta zilizochubuka chokaa; anayetembea polepole huona milango. Tulijifunza kuitofautisha: ile yenye kichwa cha upinde na misumari mikubwa ya shaba ni ya mtindo wa Kihindi, na ile ya pembe nne, yenye boriti bapa juu iliyochongwa maandishi ya Kiarabu, ni ya mtindo wa Kiarabu. Mume wangu ni fundi seremala, kwa hiyo kila mlango ulituchelewesha. Alinionyesha mfaa, ule ubao wa kati unaofunika mahali mabawa mawili ya mlango yanapokutana, na jinsi mnyororo uliochongwa ukizunguka fremu usivyokatika hata kwenye kona. Kwa kazi hiyo hatukuhitaji kiongozi wala tiketi, na kwa maoni yangu vichochoro vya Kiponda na Hurumzi vinawafaa zaidi watu wawili wasio na haraka kuliko makumbusho yoyote yenye kiingilio.

Mahali ambapo kiongozi anahitajika ni Mkunazini, katika Kanisa Kuu la Anglikana lililojengwa juu ya uwanja wa soko la watumwa baada ya Sultan Barghash kulifunga mwaka 1873. Madhabahu yake imewekwa mahali ambapo, kwa mapokeo ya kanisa, ulisimama mti wa kuwachapia watumwa, na Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na ambaye wasomi wa Kiswahili wanamjua pia kwa kazi yake ya sarufi na tafsiri, amezikwa nyuma ya madhabahu hiyo. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Nilikuwa nimeiona picha yake mara nyingi, lakini picha haikuonyeshi kwamba sanamu zimesimama chini ya usawa wa miguu yako, hivyo kwamba unalazimika kuinamisha kichwa ili kuwatazama usoni. Mbele yetu palikuwa na wanafunzi wa shule waliokuja wakicheka, na walipofika ukingoni wakanyamaza bila kuambiwa. Kiongozi wetu alikuwa na kitambulisho rasmi, aliongea Kiswahili fasaha, na hakuongeza chumvi; ombeni mtu wa namna hiyo palepale langoni, wala msimchukue mtu barabarani.

Kwa kuwa mko Mkunazini, chakula cha mchana ni Lukmaan, mkahawa ulio karibu na mbuyu mkubwa, ambako mtu huchagua kwa kuona sahani zenyewe. Tulichukua wali na pweza wa nazi, mchicha, na samaki wa kupaka, tukanywa juisi ya ukwaju. Pweza alikuwa amelainika bila kuwa ute, jambo ambalo hata mimi, mtu wa pwani kwa upande wa mama, silifanikishi kila mara. Wageni na wenyeji hula meza moja, na sijui sifa nyingine ya mkahawa iliyo kubwa kuliko hiyo.

Sasa niseme juu ya urojo, kwa sababu hapa ndipo watu wa bara tunapokosea. Tunaufahamu urojo wa Dar es Salaam, ambao mara nyingi ni mchuzi mzito wa njano uliomwagiwa juu ya viazi, na tunadhani tumeshaujua. Urojo wa Unguja ni mwepesi, wa unga na manjano, na uchachu wake wa embe mbichi au ndimu unapaswa kukukunja uso kwanza ndipo ukuachie. Ndani yake huingia viazi vya kuchemsha, bhajia za dengu, kachori, yai, mshikaki mmoja au miwili, kisha chatini ya nazi, pilipili, na juu kabisa chipsi za muhogo zilizokatwa nyembamba, ambazo lazima ziliwe kabla hazijalowa. Saa yake ni alasiri, kuanzia kama saa tisa, wakati mtu hana njaa ya wali lakini hawezi kungoja usiku. Asubuhi hautaupata, na usiku utaupata uliobaki. Tuliula kwa shilingi 3,000 bakuli kwenye kibaraza kimoja karibu na Vuga, tumebanana kwenye benchi na wanafunzi wa chuo, na mume wangu, ambaye kwa kawaida hapendi uchachu, aliomba bakuli la pili na kumwambia muuzaji aongeze ndimu.

Baada ya alasiri tulikwenda Sokomuhogo, kwenye ile njia panda iitwayo Jaws Corner, ambako wazee hunywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo, hucheza bao na kubishana siasa na mpira. Nilikuwa mwanamke pekee pale. Tulipoamkia, "Shikamooni," tukaitikiwa marahaba na kusogezewa nafasi kwenye baraza, na mzee mmoja akamtania mume wangu kwamba mtu anayemleta mkewe kijiweni ama anampenda sana ama anachungwa. Kahawa na kipande cha kashata ni pesa ndogo mno kuitaja katika tathmini.

Kisha tukafanya kosa. Forodhani, ile bustani ya mbele ya bahari iliyokarabatiwa mwaka 2009 na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan, ndiyo inayotajwa kwanza na kila mtu, nasi tulikuwa tumeihifadhia njaa ya usiku wa Jumamosi. Machweo yake ni halali: saa kumi na mbili na robo hivi jua linaingia baharini, na vijana wanajirusha majini kutoka ukingoni kwa mikogo, wakisubiri kupigiwa makofi. Juisi ya miwa iliyosagwa pamoja na ndimu na tangawizi ni halali pia. Ila tulisimama mbele ya meza moja iliyopangwa kamba, ngisi na pweza kwa uzuri wa kupigia picha, tukachagua bila kuuliza bei, kwa uvivu na kwa mapenzi ya jioni. Mishikaki ilikuwa imeshaokwa mapema, ikarudishwa tu motoni, na kamba walikuwa wakavu kama kamba za kufungia mzigo. Hesabu ikaja shilingi 55,000.

"Kaka, ungetutajia bei mapema," mume wangu alisema.

"Shemeji hapa ni shahidi, kamba leo wameadimika," akajibu, akinitazama mimi niwe upande wake.

Tulilipa 40,000 baada ya mabishano, na jioni ikapoa. Wachuuzi wa pale si wote wako hivyo, na mle mezani pa jirani tuliona watu wakila vizuri. Lakini ulizeni bei ya kila kijiti kabla hakijagusa moto, na chagueni mnapoona wenyeji wenye watoto. Ile pizza ya Zanzibar, chapati nyembamba inayokunjwa juu ya nyama ya kusaga, yai na kitunguu kisha kukaangwa, inafurahisha zaidi kuitazama ikitengenezwa kuliko kuimaliza.

Jumapili asubuhi tulipita Beit al Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, na tukalitazama kwa nje tu, kwa kuwa lilikuwa limezungushiwa uzio. Ngome Kongwe ya jirani ina kivuli na maduka ya vinyago. Nusu saa inatosha. Safari ya mashua kwenda Changuu kuona kobe wakubwa wenye asili ya Ushelisheli ni nzuri kwa wenye watoto, lakini kwa siku mbili ingetula nusu siku, kwa hiyo tuliiacha. Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904, tulinunua karafuu, hiliki na kungumanga, na hapo nina tahadhari moja: zafarani haioti Zanzibar, na ile inayouzwa kwa bei ya manjano haiwezi kuwa zafarani.

Kosa letu la mwisho lilikuwa tiketi ya kurudi. Boti ya Jumapili jioni hujaa watu wa Dar es Salaam wenye kazi Jumatatu, nasi tulingoja hadi saa tano asubuhi kuinunua, wakati ingefaa tuikate siku ileile ya Ijumaa. Tukapata viti viwili vya mwisho vilivyotengana, yeye chini, mimi juu karibu na mlango, nikiwa nimepakata haluwa ya bibi yao watoto. Alinitumia ujumbe tukiwa katikati ya bahari, akiuliza kama ule mkate wa ajemi wa asubuhi umebaki kwenye mkoba wangu. Ulikuwepo kipande, umeshapoa. Nilimpa alipopanda ngazi kuufuata.