FreePBX baada ya kuiunganisha na mfumo wa simu wa Arusha: uzoefu wangu

Kampuni yetu ya kutoa mizigo bandarini ilipochukua tawi la Arusha, tulirithi na mfumo wao wa simu: mashine iliyofungwa, ambayo mipangilio yake anaigusa fundi wa muuzaji peke yake. Dar tulikuwa na FreePBX, programu ya bure ya kuendesha simu za ofisi inayokaa juu ya Asterisk, ile injini ya simu aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999. Wakubwa wakataka ofisi mbili zipigiane kwa ekstensheni, yaani namba fupi za ndani, watu waache kumaliza vocha. Kazi hiyo ndiyo iliyonionyesha FreePBX ni kitu gani. Siku simu zinapoita na kupokelewa, mfumo wowote unaonekana mzuri.

Tulianza kukwama kwenye namba. Ofisi zote mbili zilitumia ekstensheni za mia mbili na kitu, hivyo 214 alikuwa mhasibu huku na mlinzi wa getini kule. Tukakubaliana na fundi wa muuzaji kwamba wa Dar atangulize 8, na mashine ya Arusha iikate hiyo 8 kabla ya kutafuta ekstensheni. Arusha wakawa wanatupata bila taabu. Sisi tukiwapigia, tunaambiwa namba haipo.

"Kaka, kwangu kila kitu kiko sawa, angalia huko kwenu," fundi akaniambia.

Nikafungua sngrep, programu ndogo inayokuonyesha ujumbe wa SIP (lugha ambayo mifumo ya simu za intaneti huitana nayo) ukienda na kurudi, mshale kwa mshale. Ombi letu la INVITE, la kuanzisha simu, liliondoka na 8214, likafika, na mashine yao yenyewe ikajibu 404. Maana yake imeipokea simu, imetafuta 8214 nzima, imeikosa. Nikampigia picha ya skrini, nikamtumia. Kumbe kanuni yao ya kukata tarakimu ilishika simu za laini za nje tu, si zinazotoka mfumo mwingine. Kwenye FreePBX marekebisho yalikuwa mepesi: kila njia ya simu zinazotoka ina sehemu ya kuandika tarakimu za mwanzo zinazokatwa. Unaandika 8, unafuatisha 2XX (X ni tarakimu yoyote), na kinachoondoka ni 214. Hapohapo weka alama kwamba hiyo ni njia ya ndani ya kampuni, ili anayepigiwa aone ekstensheni ya mpigaji badala ya namba kuu ya ofisi.

Kisha ikaja sauti ya upande mmoja: sisi tunawasikia, wao hawatusikii. Kila mtu akalaumu intaneti. Intaneti mbovu hukatakata sauti. Haichagui nani asikie. Katika SIP, kuita na kuongea ni safari mbili tofauti. Kuita hupita kwa kawaida kwenye mlango (port) 5060, sauti hupita kwa RTP, ambayo kwenye Asterisk imepangiwa milango 10000 hadi 20000, na kila upande hutaja anwani unayotaka kupelekewa sauti. Mashine ya Arusha ilikuwa inataja anwani ya ndani ya ofisi yao, ya 192.168, kwa hiyo seva yetu ilikuwa inatuma maneno yetu mahali ambapo kwetu hapapo. Tranki, yaani kiungo cha kwenda mfumo mwingine, ikiwa ni ya PJSIP (sehemu ya Asterisk inayoshughulikia SIP), kwenye FreePBX ina chaguo la RTP Symmetric: usijali anwani iliyoandikwa, rudisha sauti kule inakotokea. Nikaliwasha, wakatusikia. Baadaye muuzaji akaingiza anwani ya nje kwenye mashine yao na kuzima SIP ALG kwenye ruta, kipengele kinachobadilisha ujumbe wa SIP unaopita humo, kitu ambacho mimi ningependa ruta zote za ofisi ziuzwe kikiwa kimezimwa.

Lililotuumiza kichwa hasa ni mzunguko. Uongozi wa Arusha ulitaka simu za usiku zisizopokelewa zije mapokezi Dar. Dar nako simu za usiku zilikuwa zinapelekwa Arusha, kwa mtu wa zamu anayefuatilia malori ya Namanga. Mtu wa zamu asipopokea, simu inarudi Dar, Dar inaituma tena Arusha, na mteja yuko palepale anasikiliza mlio. SIP ina kihesabu kiitwacho Max-Forwards, kwa kawaida huanzia 70 na kupungua moja kila ujumbe unapopita kwenye seva, kimewekwa mahususi kuua mizunguko. Lakini mfumo wa simu wa ofisi haupitishi tu simu, unafungua simu mpya kwenda upande wa pili, na kihesabu kinaanza upya. Kila mzunguko ukawa unashika chaneli (nafasi za simu) zaidi, mpaka tranki inajaa na wengine wanaambiwa laini zina shughuli.

Dawa ilikuwa kuzipa simu zinazorudi kutoka Arusha namba yake maalumu, na kwetu namba hiyo inaishia kwenye ujumbe wa sauti, haiendi kokote tena. Tranki nayo nikaiwekea kikomo cha chaneli, ili siku mtu akibuni mzunguko mwingine usizime ofisi nzima.

Tahadhari moja. Njia ya haraka ya kuunganisha ni kuiingiza tranki kwenye muktadha (kundi la kanuni za wapi simu inaruhusiwa kufika) wa from-internal, na kweli kila kitu kinafanya kazi papo hapo. Ila umeupa mfumo wa pili ruhusa zote za ekstensheni zako, pamoja na kupiga nje ya nchi kwa bili yako. Mimi niliwatengenezea muktadha wao, unaofika kwenye ekstensheni zetu na ile namba maalumu basi. Mlango 5060 nao unaifungulia anwani ya Arusha tu.

Naipa nyota nne. Moja naipunguza kwa sababu menyu ni nyingi, moduli nyingine ni za kulipia, na ofisi isiyo na mtu wa kuzoea Linux itahitaji kumlipa fundi. Kama bado mnatumia chan_sip ya zamani, iliyokuwa ikishughulikia SIP kabla ya PJSIP, hamieni PJSIP kabla ya kusasisha, maana Asterisk 21 ya mwaka 2023 iliiondoa kabisa. Fundi wa muuzaji siku hizi, kabla hajasema kwake kuko sawa, ananiomba kwanza picha ya sngrep.