Daluga za mtumba Gikomba: kiungo anunue zipi, aziache zipi

Katika mechi ya kiwango cha juu, kiungo hukimbia kilomita 10 hadi 12. Sehemu kubwa ya mbio hizo si za moja kwa moja kama za winga. Anageuka, anasimama ghafla, anarudi nyuma hatua tatu, anapokea mpira huku amempa mpinzani mgongo, kisha anageuka tena. Kwa hiyo kiatu kinachomfurahisha straika, chepesi kama karatasi na chenye meno makali, kinaweza kumchosha kiungo magoti kabla ya mapumziko. Hapa tunapima upande wa viatu vya michezo katika soko la Gikomba kwa kigezo hicho kimoja: je, anayecheza katikati kwenye ligi za mitaa ya Nairobi anaweza kupata daluga ya kumfikisha mwisho wa msimu?

Anaweza, na mara nyingi atapata nzuri kuliko mpya ya bei hiyohiyo. Tatizo ni soli. Daluga nyingi za mtumba zilichezewa kwanza Ulaya, kwenye nyasi laini na mvua ya mwaka mzima, kwa hiyo zinazojaa mezani ni zile zilizotengenezewa viwanja ambavyo sisi hatuna. Mnunuzi anayeanza na jina la kampuni au rangi huishia na kiatu kizuri sana cha uwanja usiokuwepo.

Aina ya soli huandikwa kwa herufi mbili, ama kwenye kibandiko kilicho ndani ya ulimi, ama chini ya kiatu chenyewe. SG ni ya uwanja laini wenye maji: meno marefu ya chuma, mara nyingi sita, yanayofunguliwa kwa spana. Hizi ndizo wauzaji huzishusha bei haraka, na sababu iko wazi. Kwenye udongo mkavu meno hayazami, hivyo uzito wote wa mwili unabebwa na ncha sita, na baada ya nusu saa wayo unaanza kuwaka chini ya vidole. Kwenye nyasi bandia ndiyo usijaribu kabisa. Viwanja vingi vya kukodi vinakataza chuma kwa sababu kinachana zulia. Wapo wanaonunua SG wakipanga kuweka meno mafupi ya plastiki. Hesabu hiyo huharibika pale tundu la skrubu linapokuwa limeshika kutu na jino halitoki, au linatoka na nyuzi zake. Ukiona skrubu zina kutu, rudisha kiatu mezani.

FG ni ya nyasi za kweli zenye ardhi ngumu kiasi, na ndiyo nyingi zaidi sokoni. Hapa kiungo aangalie umbo la meno kuliko idadi. Meno ya duara huachia ardhi unapogeuka. Meno bapa, yale ya kama ulimi wa kisu, hushika upande mmoja kwa nguvu. Ni mazuri kwa anayechomoka mbio za moja kwa moja, lakini kwa anayezunguka na mpira mguuni ni hatari, kwa sababu mguu unabaki chini huku goti likiendelea na safari. Hatari hiyo huzidi kwenye nyasi bandia kama za Camp Toyoyo pale Jericho, ambako zulia hushika meno bapa kuliko nyasi halisi zinavyoshika. Uwanja wa aina hiyo unataka AG, yenye meno mafupi mengi yaliyotawanyika, au TF, yenye vinundu vidogo vya mpira soli nzima. AG ni adimu Gikomba. Ukiikuta saizi yako, usitoke hapo kwenda kuzunguka soko kwanza, hutaikuta ukirudi.

TF ndiyo daluga ya Nairobi ya kawaida, hata kama haina sifa. Uwanja wa vumbi na changarawe, ule ambao nyasi zimebaki kwenye kona tu, hauhitaji meno bali unahitaji kugawa uzito. Kasoro yake inajitokeza mvua zinaponyesha, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba. Upande wa mashariki wa jiji, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, vinundu vya TF hujaa tope katika dakika chache na kiatu kinateleza kama sahani. Hapo ndipo FG ya meno ya duara yaliyoachana inapookoa. Kiungo anayecheza mwaka mzima anahitaji jozi mbili, na bei za Gikomba ndizo zinazoliwezesha jambo hilo.

Bei zenyewe hutegemea bale, yaani robota la mtumba, saa na ulimi wako. Jozi nzuri kwa kawaida huzunguka shilingi 1,500 hadi 3,500, na za juu kabisa hupanda zaidi. Fika alfajiri siku muuzaji anapofungua bale. Muulize mapema ni siku gani, kila mmoja ana yake. Kamera, yaani zile zinazochaguliwa kwanza, huondoka na mabroka kabla jua halijachomoza vizuri, na nyingine utazikuta baadaye madukani katikati ya jiji zikiwa zimeoshwa na kupanda bei maradufu. Mchana unabaki na fagia, yaani mabaki ya mwisho. Fagia si takataka zote, lakini ndimo mnamojaa jozi zisizolingana: kushoto 42, kulia 42 na nusu. Zimefungwa pamoja kwa kamba, kwa hiyo mtu haoni. Fungua kamba na usome kibandiko cha kila mguu.

Ukaguzi wenyewe hauchukui dakika tano, na mfanyabiashara mzoefu hatakuzuia.

Geuza kiatu kwanza. Linganisha meno ya mbele na ya nyuma, ya ndani na ya nje. Yakiwa yamelika upande mmoja tu, mwenyewe wa kwanza alikuwa akikanyaga kiupande, na wewe utalazimishwa kukanyaga kama yeye. Jino lililolika likabaki na makali ni tatizo jingine: refa anayekagua viatu kabla ya mechi ana haki ya kukukatalia. Kisha weka kiatu mahali bapa ukibonyeze kisigino na ncha kwa zamu. Kikiyumba, sahani ya chini, yaani plastiki inayobeba meno, imepinda.

Sasa kikunje, lakini pale vidole vinapokunjika, si katikati ya kiatu. Ukikunja katikati unaweza kukivunja mwenyewe ukalipa. Tazama mstari ulio nyuma ya meno ya mbele. Michirizi myeupe kwenye plastiki ni ufa unaoandaliwa, na ukishapasuka hapo hakuna fundi anayeurudisha kwa muda mrefu. Wakati kimekunjwa, angalia pia kama ngozi inaachana na soli kwenye ncha na pande zote mbili. Kubanduka kidogo si sababu ya kukikataa. Ni sababu ya kushusha bei.

Ndani, pitisha kidole kwenye kitambaa cha kisigino. Kikiwa kimechanika hadi plastiki inaonekana, malengelenge ni ya uhakika. Bonyeza kisigino kutoka nje: kiwe kigumu. Kisigino kilicholegea humwacha kiungo akiteleza ndani ya kiatu kila anapogeuka. Toa soli ya ndani uone alama za vidole. Kama kidole gumba kimechimba shimo, kiatu kilikuwa kidogo kwa mwenyewe na ngozi imeshatanuka kufuata mguu wake. Soli ya ndani utainunua nyingine hata hivyo; ya zamani imebeba jasho na kuvu ya mtu mwingine.

Epuka daluga zisizo na kamba na zile zenye soksi ya kusuka inayopanda kifundoni. Zikiwa mpya zinashika vizuri. Mpira wake unaovutika ukishalegea hakuna cha kukaza, na katika mtumba karibu zote zimelegea.

Saizi huwachanganya wengi bila sababu. Namba 42 ya Nike ni 7.5 ya Uingereza. 42 ya adidas ni 8. Muuzaji akikuambia “hii ni nane” bado hajakuambia kitu. Soma mstari wa sentimita kwenye kibandiko, ambao kwa adidas huandikwa kwa milimita: kote kuwili hiyo 42 ni sentimita 26.5, yaani milimita 265. Pima mguu wako nyumbani jioni, ukiwa umesimama na umevaa soksi za mpira, kutoka kisigino hadi kidole kirefu. Kiatu cha sintetiki hakitanuki, kwa hiyo acha nafasi ndogo mbele. Cha ngozi kikishatumika kimeshatanuka kiasi chake. Kikikubana leo, usingoje miujiza.

Kuhusu modeli, kiungo wa pasi anafaa kutafuta ngozi. Toni Kroos, kiungo wa Ujerumani aliyestaafu 2024, alivaa adiPure 11Pro ileile kwa takriban miaka kumi huku adidas ikitoa nyingine mpya kila msimu. Kiatu cha ngozi laini, kisicho na mbwembwe. Copa Mundial ya adidas, iliyotengenezwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1982 Uhispania, ina ngozi ya kangaruu na meno 12 ya duara, na bado hupenya kwenye bale. Ni daluga nzuri mno kwa kiungo mwenye mguu mpana, ila ina mtego. Soli yake ni ya poliurethani, inayovunjwa na unyevu taratibu hata ikikaa kabatini. Jozi inayoonekana haijavaliwa inaweza kumeguka kama biskuti katika mechi ya kwanza. Chimba soli kwa ukucha: ikibonyea au ikitoa unga, usinunue hata kwa mia mbili. Mundial Team, ndugu yake wa TF, ndiyo tungeichagua kwa viwanja vya vumbi bila kufikiri mara mbili.

Nike Tiempo na Puma King za zamani ziko kwenye kundi hilohilo. Kampuni hizo mbili zilitangaza 2023 kuachana na ngozi ya kangaruu, na Tiempo Legend 10 pamoja na King mpya ni za sintetiki. Anayependa ngozi ile sasa anaitafuta mtumbani.

Kiungo mkabaji, yule wa kazi aliyoifanya Victor Wanyama Celtic, Southampton na Tottenham, aangalie zaidi ncha ya kiatu. Kuteleza na kukaba kwenye changarawe hula ncha kabla ya soli. Kwake, daraja la kati linashinda la juu. Nike huyapanga Elite, Pro, Academy na Club. Adidas ilikuwa ikitumia nambari baada ya nukta, .1 ikiwa ya juu. Ya juu ina ngozi nyembamba na sahani nyepesi iliyokusudiwa nyasi zinazomwagiliwa kila siku. Pro au .2 ndiyo bora kwa bei, Academy au .3 ni nzito kidogo lakini hudumu zaidi kwenye ardhi yetu. Wauzaji hutoza Elite kwa jina lake, na kwa kiungo mkabaji hiyo ni pesa ya kutupa.

Ushindani mkubwa wa mtumba ni feki mpya, zinazouzwa ndani ya boksi linalong'aa kwa bei inayokaribiana. Feki hukosa mahali pamoja muhimu: sahani ya chini ni plastiki isiyokunjika panapofaa, hivyo nyama ya wayo ndiyo inayofanya kazi ya kiatu. Kwa adidas kuna kipimo chepesi. Nambari ya mfululizo kwenye kibandiko cha kushoto hutofautiana na ya kulia. Zikifanana, weka chini. Harufu kali ya gundi na mshono unaoyumba vinatosha kwa nyingine.

Ukishanunua, peleka kwa fundi kabla ya kucheza, si baada ya soli kufungua mdomo. Mwambie aoshe kwanza sehemu ya kubandika, aikwangue gundi ya zamani, apake mpya pande zote mbili, aiache ishike kabla ya kugandamiza, kisha ashone kuzunguka soli kwa uzi mnene wa nailoni. Gundi peke yake haihimili vumbi na maji yetu. Mshono upite kwenye ukingo wa soli, usiingie ndani pale kidole kidogo kinapokaa, maana fundo la uzi hapo litakutoboa. Misumari uikatae kabisa. Baada ya mechi za mvua, jaza magazeti ndani na uanike kivulini. Jua la saa saba na joto la jiko hukausha ngozi na kuachanisha gundi ambayo umeilipia.