Kadi za sura kwa watoto wa awali: nunua, lakini moja itoe kwenye boksi

Boksi hili la kufundishia furaha na hisia nyingine linauzwa kwenye stesheneri za Mwanjelwa na Kabwe, jijini Mbeya, kwa shilingi 15,000 hivi, ukibembeleza unapunguziwa. Ndani kuna kadi 24 (nusu ni picha za watoto, nusu michoro), kioo kidogo cha plastiki, bango la ukutani na kijitabu cha mwongozo. Ni la watoto wa miaka 3 hadi 6.

Kadi ya furaha ndiyo itakayotoka kila siku, kwa hiyo ikague kwanza. Daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alieleza mwaka 1862 kwamba tabasamu la kweli haliishii mdomoni: msuli unaozunguka jicho nao hukaza, mashavu hupanda, macho huwa madogo. Kadi ya picha inalionyesha hilo vizuri, hadi vile vikunjo vya pembeni mwa jicho. Mchoro umeshindwa. Mdomo umepinda juu, lakini macho yamekodoka kama ya mtu aliyeshtuliwa. Ziba nusu ya chini ya kadi kwa kiganja, umuulize mtoto huyu anajisikiaje. Kwa picha atasema amefurahi. Kwa mchoro atababaika, na kosa si lake. Tumia picha kwanza, michoro ije baadaye kwa kupaka rangi.

Kosa kubwa ni kumwaga kadi zote 24 kwa mpigo. Watoto watazigombania na hakuna watakachokumbuka. Kaa kwenye mkeka na watoto sita hadi wanane, dakika kumi zinatosha. Anza na kadi mbili tu, furaha na huzuni. Wataje hisia, waige sura kwenye kioo, kisha uliza: “Unadhani nini kimemfanya awe hivi?” Hatua hiyo ya tatu ndiyo yenye kazi, ipe muda. Wakishazoea, ongeza kadi moja kwa wiki.

Kioo ni cha plastiki, hakivunjiki, ila kinachubuka haraka kikifutwa kwa kitambaa kikavu chenye vumbi. Tumia kilicholowa kidogo. Asubuhi za Juni na Julai pumzi ya mtoto itakitia ukungu, hivyo kishike umbali wa shubiri mbili kutoka usoni. (Wengine watachora sura kwenye huo ukungu kwa kidole. Waache, ni somo lilelile.)

Usimwamuru mtoto “tabasamu!” Atakutolea meno kama anakaguliwa na daktari. Mwigizie wewe, naye atafuata. Wa miaka sita, ambao meno ya utoto yameanza kung'oka, hufunika mdomo kwa aibu, na hakuna hata kadi moja yenye mtoto mwenye pengo. Ni upungufu wa kushangaza kwa bidhaa ya umri huo.

Mwongozo unadai kwamba tabasamu huondoa huzuni. Hapo umezidisha chumvi. Jaribio maarufu la mwaka 1988, la watu wazima kushika kalamu kwa meno ili mdomo ukae kama unatabasamu, lilirudiwa na maabara 17 na matokeo yaliyochapishwa 2016 hayakuliunga mkono. Utafiti mkubwa wa nchi nyingi uliotoka 2022 ulikuta kwamba kuigiza tabasamu huongeza furaha, lakini kidogo tu. Mtoto aliyenyang'anywa andazi hatapona kwa kukenua. Mwambie, “Naona umeumia,” kisha mshughulikie mwenye andazi.

Kadi ya kutoa ni ile iliyoandikwa “Mtoto mzuri hutabasamu daima.” Inamfundisha mtoto kwamba kulia ni utovu wa adabu, na inaua kazi ya kadi nyingine 23. Anayeficha huzuni hatasema pia anapoumwa au anapotendewa vibaya.

Kadi ya salamu nayo ina walakini. Mtoto anampungia bibi mkono akisema “Mambo!” huku amemkazia macho. Kuanzia Tukuyu hadi Iringa, mtoto hutoa shikamoo, mara nyingi kwa kupiga goti kidogo na macho chini. Tabasamu huja baada ya marahaba. Mwongozo unaosema mtoto asiyetazama machoni “hajiamini” usiuzingatie. Bandika karatasi yenye neno Shikamoo juu ya hilo Mambo, na kadi itafaa.

Karatasi ni manila nyembamba isiyo na lamineti. Kwa unyevunyevu wa Tukuyu na Rungwe itajikunja pembe mapema tu. Peleka kadi zilaminetiwe, na mkataji aache ukingo wa plastiki wa milimita 3 hivi kuzunguka karatasi. Akikata pale karatasi inapoishia, maji hupenya na tabaka mbili huachana. Pembe zizungushwe kwa mkasi, kwani plastiki yenye ncha inachoma jicho.

Fungua boksi dukani kabla hujalipa: hesabu kadi, ondoa utando wa kinga kwenye kioo uone kama sura haipindi, na hakikisha picha hazijachapwa zikiwa nyeusi kiasi cha kupoteza macho. Kama ziko hivyo, omba boksi jingine. Kama bei imekushinda, manila moja iliyokatwa vipande nane, peni nene na kioo cha nyumbani vitafanya sehemu kubwa ya kazi hii, mradi uchore macho yakicheka.