Poda za misuli kwenye majimu ya Malindi: zinachotoa na zinachoficha

Poda zinazouzwa kwenye majimu ya Malindi ni za namna mbili. Ya kwanza ni protini ya maziwa: kipimo cha gramu 30 hutoa protini gramu 20 hadi 25. Ya pili ni ya kunenepesha, mkebe mkubwa wa kuvutia macho. Soma lebo ya nyuma. Wanga ukiwa mara tatu ya protini au zaidi, unalipia unga mtamu.

Ile ya kwanza ni nzuri, ila si ya lazima. Mnyanyua vyuma wa kilo 60 anatosheka na protini gramu 96 hivi kwa siku. Mayai mawili, bakuli la mbaazi, glasi mbili za maziwa na kipande cha samaki cha gramu 150 vinakaribia 70. Maharagwe, chapati na wali vitajaza pengo. Ukiongezewa vidonge vya kunenepesha, vikatae. Baadhi huwa na deksamethasoni, dawa ya aina ya steroidi: huvimbisha uso na kupandisha sukari, na aliyeizoea akiiacha ghafla anaweza kuzirai.

Kasoro kubwa haimo mkebeni. Muuzaji haulizi kwa nini unataka mwili mwingine. Wako vijana walioitwa kimbaombao au bonge tangu chuoni, na walioachwa na wachumba. Wako wasio na kazi ambao mwili ndio kitu pekee wanachohisi wanakitawala. Msichana akikataa chakula nyumba nzima huuliza. Mvulana akipima kuku kwa mizani husifiwa. Hata mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, hadi 2013, ulihesabu kukosa hedhi kuwa kigezo cha anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula, kana kwamba wanaume hawaugui.

Wala kujinyima huko si ukaidi. Mwaka 1944 huko Minnesota, Marekani, vijana wa kiume 36 wenye afya walikubali kupunguziwa chakula kwa miezi sita. Wakawaza chakula mchana kutwa, wakanuna, wakajitenga na wenzao. Njaa yenyewe hugeuza tabia, ndiyo maana anayejinyima hulipuka akala kupita kiasi, kisha aibu ikampeleka chooni kutapika.

Kwa hiyo mtazameni anayekwepa sinia ya pilau kila harusi, anayeongeza saumu za sunna huku akikonda, mwenye mashavu yaliyovimba chini ya masikio au makovu kwenye vifundo vya vidole. Msimseme mwili mbele za watu. Muulizeni faraghani analala vipi, ana hofu gani. Akiwa anatapika, apimwe potasiamu, madini ya damuni, na mapigo ya moyo, kwani potasiamu ikishuka moyo hupiga ovyo.

Na aliyekaa siku nyingi karibu bila kula asishindiliwe chakula nyumbani, sembuse mkebe wa kunenepesha: fosfeti, nayo ni madini, hushuka ghafla damuni na moyo ukashindwa. Aanzishiwe hospitalini, kidogo kidogo, damu ikipimwa.