Spectrum ya Mjomba: nimekaa nayo miezi miwili hapa Mwanga

Mwenye haraka achukue hili aende zake: usinunue. Ukitaka barua ya maombi ya kazi, njoo steshenari kwangu hapa Mwanga, nitakuchapia kwa kompyuta ile nyingine. Ninayoizungumzia ni Sinclair ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya Kiingereza, toleo la 1982, kumbukumbu kilobaiti 48, nyeusi, ndogo kuliko kaunta buku. Picha moja tu ya simu yangu ingejaza mashine kama hizi zaidi ya sitini.

Mwenyewe ni mjomba wangu wa Ujiji, mwalimu mstaafu wa hesabu. Alirudi nayo kutoka masomoni Uingereza mwaka 1983, na kuingiza kompyuta nchini kulikuwa marufuku tangu 1974 mpaka uwe na kibali. Ukimuuliza ilipitaje, anakohoa na kuagiza chai. Haina kioo chake, inataka televisheni, kwa hiyo akabeba na televisheni. Huku Bara kituo cha kwanza cha televisheni kilikuja 1994! Majirani wakaja jioni na mikeka wakidhani ni sinema, akawawekea jedwali la mara saba. "Walivumilia hadi saba mara tisa," anasema, "kwa heshima tu."

Sasa mashine yenyewe. Swichi ya kuwasha hakuna. Unachomeka, imewaka, unachomoa, imezima, na ulichoandika kimeondoka nacho. Kwa umeme wetu, hesabu mwenyewe. Adapta ni ya volti 9, lakini hasi iko katikati ya pini, kinyume na adapta nyingi za dukani. Mimi nilishaikamata ile ya ruta mkononi, fundi wa redio wa jirani akanidaka. Nilimlipa soda, na ni kheri, maana ningeiua kabla sijaisalimia.

Kuisalimia nako ni kisa. Kibodi ina vibonye 40 vya mpira. Waingereza wenyewe walikuwa wanatania kwamba ni kama kugusa maiti. Mimi nasema samaki mgebuka wa jana. Kila kibonye kina kazi tano au sita, na cha kwanza unachobonyeza hakikupi herufi, kinakupa amri nzima. Mimi nachapa kwa vidole kumi bila kuangalia, nikaandika kwa adabu: shikamoo. Ikatoka SAVE hikamoo, halafu ikaniwekea alama ya kuuliza inayowaka na kuzima. Mtu mzima unaamkia unaulizwa "nini?" Kwenye kitabu chake cha maelekezo kuna kosa ambalo jina lake rasmi ni "Nonsense in BASIC", yaani upuuzi katika BASIC, lugha ya kuiamrisha. Hakuna kompyuta iliyowahi kunisema hivyo usoni, zote za siku hizi zinaomba radhi.

Programu zinapakiwa kutoka kwenye kaseti. Za mjomba zimeota ukungu, fundi akanionyesha njia: sauti ileile unaipiga kutoka kwenye simu, waya unaingia tundu la EAR. Inalia kriiiii kwa kama dakika tano, mistari ya rangi inakimbia pembeni mwa TV ya chogo, wateja wanaziba masikio. Mara ya kwanza ilifika dakika ya nne. Ikaingia meseji ya kikundi cha vikoba, ting! "R Tape loading error," yaani kupakia kumeshindikana. Anza upya. Weka simu hali ya ndegeni, na sauti karibu na mwisho, vinginevyo haikusikii. Ila mchezo ukifunguka, rangi ni nane tu na mhusika akipita kwenye mti anageuka rangi ya mti, lakini mtoto wa kaka yangu aliacha simu yake mezani saa nzima. Hilo sijawahi kuliona.

Mjomba anasema yeye alikuwa tajiri. Wenzake chuoni walikuwa na ZX81, kompyuta ya Sinclair iliyotangulia hii, yenye kilobaiti 1, na kipande cha kuongeza 16 kilichochomekwa nyuma kikicheza kama jino bovu. Ukitikisa meza, kazi ya jioni nzima inapotea. Wengine walikishikiza kwa ulimbo wa kubandikia picha ukutani. Na wakipita dukani zilipokuwa zinauzwa, waliandika mistari miwili ya amri na kutoroka, wakamwachia muuzaji skrini inayojitukana yenyewe.

Kosa langu ni kumsimulia yule mtoto. Nilitoka kwenda kununua dagaa, nikarudi nikakuta wateja watatu wanacheka mbele ya TV. Alikuwa ameandika:

10 PRINT "SHANGAZI NIPE MIA TANO"
20 GO TO 10

Skrini inajaa mistari 22 ya maneno hayo, kisha mashine inasimama na kuuliza "scroll?" kama karani mpole. Mia tano mara 22 ni elfu kumi na moja, na inauliza kama iendelee.

Najua kuna nakala mpya iliyotoka 2024, ya kuchomeka kwenye TV za kisasa kwa waya wa HDMI, michezo imo ndani, kaseti wala kriiiii hakuna. Kwa mtu wa kucheza tu, hiyo ndiyo ya akili. Hii ya zamani naipa nyota mbili kwa kazi, moja kwa kibodi, tano kwa kicheko.

Jana mjomba kapiga simu, anaitaka kabla ya Idd. Nimemwambia avute subira, bado inapakia.